Kuchungulia nyuma ya jicho wadini: mwongozo kwa anayeona "wekundu tu"

Kila kundi jipya la madaktari wa mazoezi likiingia, haipiti wiki mmoja wao hajanifuata koridoni na tochi ya macho mkononi. "Sista, mimi naona wekundu tu." Mwingine anauliza kama ni lazima kutanua mboni. Mwingine anataka kujua diski, pale neva ya jicho inapoingia, inakaa wapi. Anayenitia wasiwasi ni yule asiyeuliza kitu: anaandika kwenye faili "fandasi kawaida", yaani nyuma ya jicho pako sawa, kisha anakwenda kunywa chai. Mafaili ya namna hiyo nimeyafungua mengi, nikamwangalia mgonjwa mwenyewe, nikakuta nyuma ya jicho pamejaa damu.

Kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Nimemwandikia intani, afisa tabibu, muuguzi wa kliniki ya kisukari na yule wa CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI. Hutakuwa bingwa wa macho kwa kusoma mwongozo huu. Ila utaweza kuchungulia, ukaandika ulichokiona, na ukajua mgonjwa huyu anasubiri kliniki ya mwezi ujao au anapigiwa simu sasa hivi.

Nadharia ni moja tu: nyuma ya jicho ndipo mahali pekee mwilini unapoiona mishipa ya damu na neva vikiwa wazi bila kushika kisu. Kinachoipata mishipa ya figo na ya ubongo, mara nyingi utaiona ya jicho nayo ikipatwa.

Kabla hujaanza

Tafuta oftalmoskopu, yaani ile tochi ya macho, yenye chaji. Mwanga wake uwe mweupe. Ukiwa wa njano, betri imechoka, na mwanga wa njano hukudanganya rangi ya diski. Kama hospitali yenu ina kile kidogo cha kuchajiwa kwa jua, Arclight, kilichobuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews kule Scotland, usikidharau kwa udogo wake. Kuna pia vifaa vya kubandika kwenye simu. Peek, ambayo imejulikana sana kwa kazi hiyo, ilifanyiwa majaribio yake ya mwanzo hapo Nakuru, Kenya. Simu ina faida moja kubwa: picha inabaki.

Vingine: tochi ya kawaida, chati ya E ya mita 6, kipande cha kadi ulichotoboa tundu la sindano, matone ya tropikamaidi ya asilimia 1, karatasi, na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Halafu giza. Giza ndilo watu wanalolisahau. Wadini funga pazia, zima taa ya juu ya kitanda, au subiri magharibi. Ukichungulia kwenye mwanga wa saa sita mchana utaona wekundu tu, kama wenzako.

Hatua kwa hatua

1. Pima kuona kwanza. Jicho moja moja, kwa chati, kabla ya tone lolote. Akishindwa, mpe kadi yenye tundu. Akiboreka kwa tundu, shida kubwa huenda ni miwani. Ukishatia matone hutaweza tena kujua alikuwa anaona kiasi gani, na daktari wa macho atakuuliza hilo kabla ya jingine lolote.

2. Angalia mboni kwa tochi. Hamisha mwanga kutoka jicho moja hadi jingine, ukikaa sekunde mbili tatu kila upande. Mboni zote zinatakiwa kubana. Ukihamia upande mmoja mboni ikatanuka badala ya kubana, neva ya jicho hilo au sehemu kubwa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ina tatizo. Hili nalo hufanywa kabla ya matone, baada ya hapo halipo.

3. Amua kutanua au kutotanua. Kwa mgonjwa wa kisukari, tanua. Kwa anayehitaji tu kuonwa diski haraka, jaribu kwanza bila kutanua, gizani mboni ya kijana hufunguka yenyewe. Kabla ya kutanua, mulika tochi kutokea upande wa sikio, sambamba na uso wa jicho: nusu ya iris (duara ya rangi inayozunguka mboni) iliyo upande wa pua ikibaki kwenye kivuli, chumba cha mbele, yaani nafasi iliyo mbele ya iris, ni kifupi, na matone yanaweza kumletea presha ya macho ya ghafla. Huyo mwachie daktari wa macho.

Tone moja kila jicho, abane kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja, kisha asubiri dakika 20 hadi 30. Macho yetu meusi huchelewa; kama mboni bado ndogo, ongeza tone la pili. Mwambie kabla, si baada: ataona ukungu kwa saa 4 hadi 6, asiendeshe chombo, jua litamchoma macho. Nimewahi kumkuta mzee amekaa getini hadi jioni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hataweza kupanda baiskeli yake kurudi nyumbani.

Mgonjwa aliyeumia kichwa au ambaye fahamu zake zinafuatiliwa, usimtanue bila kukubaliana na timu yake. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimtanua kijana aliyeanguka na bodaboda, nikachungulia diski, zilikuwa sawa, nikafunga zamu nikaenda kulala. Sikuandika. Usiku muuguzi wa zamu akakuta mboni zote mbili zimefunguka wazi, hazijibu mwanga. Aliamshwa daktari wa upasuaji, ikatafutwa gari la wagonjwa, ndugu wakaanza kupiga simu kijijini. Kijana mwenyewe aliamka asubuhi akaomba uji. Tangu siku hiyo naandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa: "MBONI ZIMETANULIWA KWA DAWA", saa, dawa, jicho gani, na nabandika plasta yenye maneno hayo kwenye paji la uso la mgonjwa. Wananicheka.

4. Mweke mgonjwa sawa. Akae, au alaze kichwa kwa kuinuliwa kidogo. Mpe kitu cha mbali cha kuangalia: "Mama, angalia ile saa ukutani, usiniangalie mimi hata nikikuziba." Asipopewa cha kuangalia, jicho litafuata taa yako na mboni itabana.

5. Jicho la kulia kwa jicho lako la kulia, na mkono wa kulia. La kushoto kwa la kushoto. Hapa kila mwanafunzi hujaribu kukwepa, kwa sababu jicho lake la kushoto "halijazoea". Usipobadili, pua zenu zitagongana na mtapumuliana. Jicho la kushoto hujifunza kwa wiki mbili tu.

6. Simama kama urefu wa mkono, gurudumu la lenzi kwenye sifuri, mulika mboni. Inatakiwa ing'ae nyekundu ya chungwa. Kivuli cheusi katikati ya wekundu huo mara nyingi ni mtoto wa jicho. Giza tupu, hakuna wekundu kabisa, fikiria mtoto wa jicho aliyekomaa au damu iliyomwagika ndani ya jicho. Mtoto mdogo mwenye mng'ao mweupe badala ya mwekundu ni dharura ya rufaa. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na kwa mtoto huyo usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

7. Sogea ukiufuata wekundu huo, ukitokea pembeni upande wa sikio kwa mwinamo mdogo, nyuzi kama 15, hadi kidole chako cha kati kiguse shavu lake. Lazima uwe karibu hivyo. Ukibaki sentimita kumi utakuwa unachungulia chumba kupitia tundu la ufunguo ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara. Zungusha gurudumu taratibu hadi mshipa mmoja ukae wazi. Namba nyekundu ni kwa macho yasiyoona mbali, nyeusi au kijani ni upande wa pili.

8. Umepata mshipa, umepotea? Tazama unapogawanyika. Panda ile ya mishipa huelekeza ncha yake kwenye diski. Ufuate kama mto unaourudia chanzo.

9. Diski: kingo, rangi, kikombe, kwa mpangilio huo kila siku. Kingo zinatakiwa zionekane, ingawa upande wa pua huwa hafifu kidogo hata kwa mzima. Rangi ni ya chungwa iliyopauka; nyeupe kama chaki maana yake neva imekufa. Kikombe ni kile kishimo cheupe katikati. Kwetu Waafrika kikombe huwa kikubwa kuliko picha za vitabuni, usimtangazie kila mtu presha ya macho, lakini kikizidi nusu ya diski, au macho mawili yakitofautiana, andika na mpeleke akapimwe.

Nikiwa hapo kwenye vitabu: picha nyingi ulizosomea ni za macho ya Wazungu, nyuma pakiwa rangi ya chungwa. Kwetu ni kahawia, wakati mwingine kahawia iliyokolea. Na kwa watoto na vijana kuna mng'ao kama wa hariri iliyolowa unaocheza kila ukisogeza taa. Mng'ao unaohama ni wa kawaida. Weupe unaobaki palepale ni ugonjwa.

10. Mishipa, robo nne. Toka kwenye diski uende juu-nje, rudi, chini-nje, rudi, juu-ndani, chini-ndani. Ateri ni nyembamba na angavu, vena ni nene na nyeusi zaidi, kama 2 kwa 3. Angalia pale ateri inapoivuka vena: je, vena imebanwa?

11. Makula, kitovu cha retina cha kuonea vitu vidogo, mwisho. Iko upande wa sikio wa diski, umbali wa kama diski mbili, chini kidogo. Mwambie mgonjwa sasa atazame taa yako moja kwa moja. Atalia machozi, ndiyo maana tunaiacha mwisho.

12. Chora kabla hujasimama. Duara mbili, diski mahali pake, damu kwa kalamu nyekundu. Mchoro mbaya una thamani kuliko neno "kawaida".

Madoa: yatofautishe kwanza, jina la ugonjwa baadaye

Kosa kubwa la anayeanza ni kukimbilia jina. Anza na unachokiona.

Vidoti vidogo vyekundu, vyenye kingo kali, kama ncha ya sindano: vifuko vya mishipa midogo iliyodhoofika, au damu ndogo. Huhitaji kutofautisha.

Damu za mviringo, kama wino uliodondoka: zimekaa ndani ya retina.

Damu kama miali ya moto, zenye mistari: zimekaa juu, kwenye nyuzi za neva.

Damu yenye kitovu cheupe: inaitwa doa la Roth. Vitabu vitakuambia maambukizi ya vali za moyo, na kweli tafuta, lakini anemia kali na saratani ya damu nazo huyaleta. Agiza picha kamili ya damu siku hiyohiyo.

Madoa ya njano, yanayong'aa kama nta, kingo kali: mafuta yaliyovuja kwenye mishipa. Hupenda kujipanga duara, au nyota kuzunguka makula.

Madoa meupe ya kijivu, kingo zenye manyoya, kama pamba iliyochambuliwa: sehemu ya neva iliyokosa damu. Pamba na mafuta watu huvichanganya kila siku. Pamba hufunika mshipa. Mafuta yana kingo kana kwamba yamekatwa.

Kama oftalmoskopu yako ina taa ya kijani, itumie hapa. Damu inakuwa nyeusi na vidoti ulivyovikosa vinajitokeza.

Sasa magonjwa

*Kisukari.* Wa aina ya 2 achunguzwe siku ileile anayogunduliwa, kwa sababu huenda ameishi nacho miaka bila kujua. Wa aina ya 1 kuanzia miaka 5 baada ya kugunduliwa. Kisha wote kila mwaka. Mama mwenye kisukari akipata mimba, mwangalie mapema kwenye miezi mitatu ya kwanza, maana mimba huweza kuharakisha uharibifu. Kisukari kilichoanzia kwenye mimba hakihitaji haya.

Mwanzo utaona vidoti. Baadaye damu za mviringo, mafuta, pamba. Vena zikianza kuwa na vinundu kama shanga, au damu zikijaa robo zote nne, jicho liko karibu na hatua mbaya, na rufaa ni ya siku chache. Mishipa mipya ni kitu kingine kabisa: vijishipa vyembamba vilivyosokotana kama wavu mkuukuu, juu ya diski au pembeni, haviendi popote. Vikipasuka, jicho linajaa damu.

Usidanganyike na chati. Nilimwangalia mwalimu mstaafu, kisukari miaka 14, macho yote 6/6, amekuja kwa sababu tu mkewe alikuwa na miadi na hakutaka kumwacha peke yake. "Mimi sista sina shida, naona mpaka sisimizi." Jicho la kushoto lilikuwa na wavu wa mishipa umefunika theluthi ya diski. Alipigwa leza wiki ileile. Makula yake ilikuwa salama, ndiyo maana alikuwa anaona sisimizi. Kinyume chake, mafuta yakiwa karibu na makula, hata machache, mgonjwa anaweza kupoteza kusoma huku pembeni pote pakiwa safi. Kwa oftalmoskopu huwezi kuona uvimbe wa makula wenyewe. Unaona mafuta, na yanatosha kumpa rufaa.

Mweleze pia mgonjwa kwamba sukari ikishushwa kwa kasi baada ya miaka ya kuwa juu, macho yanaweza kuzorota kwanza. Si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kurudi kuangaliwa.

*Presha.* Mpangilio tunaoutumia bado ni ule wa Keith, Wagener na Barker wa mwaka 1939, hatua 4. Mbili za kwanza, ateri kuwa nyembamba na vena kubanwa kwenye makutano, zinakuambia presha ni ya siku nyingi. Hata wataalamu hawakubaliani sana wakiziangalia, kwa hiyo usikeshe nazo. Hatua ya 3 ni damu za miali, pamba, mafuta. Hatua ya 4 ni hizo pamoja na diski kuvimba. Ya 3 na ya 4 hazina mjadala: mgonjwa analazwa.

Dada mmoja muuza samaki, hajafika miaka 40, alikuja kuomba miwani. Alikuwa ameshanunua miwili, yote haikusaidia, na kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi. Niliponyanyua oftalmoskopu niliiona nyota: mistari ya njano imejipanga kuzunguka makula kana kwamba mtoto amechora jua. Diski zote mbili hazikuwa na kingo. Nilimwambia akae hapohapo, nikaenda kutafuta mashine ya presha wadi ya jirani kwa sababu ya kwetu mkanda ulikuwa unavuja. 230 kwa 140. Nikarudia mkono wa pili, ileile. Figo zake, tulikuja kujua kesho yake, zilikuwa zimeshaanza kushindwa. Hakuna aliyewahi kumfunga mkanda wa presha, kwa sababu alikuwa anaenda dukani kwa miwani.

Onyo: ukikuta hatua ya 4 usiishushe presha kwa pupa. Kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi imewapofusha watu; mishipa iliyozoea msukumo mkubwa ikinyimwa ghafla, neva ya jicho na ubongo hukosa damu. Shusha taratibu, kama robo ya kiwango ndani ya saa za mwanzo, kwa maelekezo ya daktari mkubwa. Tofauti ni mama mwenye kifafa cha mimba, ambaye ana taratibu zake na haraka yake. Kwa yeye akisema haoni, chungulia: mishipa inaweza kuwa imebana, au retina imenyanyuka kwa maji. Habari njema ya kumpa ni kwamba mara nyingi kuona hurudi baada ya kujifungua.

*Mtoto mwenye malaria na fahamu zimepotea.* Hapa ndipo napenda madaktari wa watoto wajifunze, maana oftalmoskopu inabadili matibabu. Kazi iliyofanywa Blantyre, Malawi, kuanzia miaka ya 1990 ilionyesha kwamba malaria ya ubongo ina alama zake kwenye retina: weupe kuzunguka makula na pembeni, mishipa kugeuka rangi ikawa ya chungwa au nyeupe, na damu zenye kitovu cheupe. Diski kuvimba ikiongezeka, hali ni mbaya zaidi. Weupe ule na mishipa iliyogeuka rangi ni vya malaria hasa. Mwaka 2004 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliohesabiwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo: 7 kati yao walikuwa na sababu nyingine ya kifo. Alama pekee iliyowatenganisha wakiwa hai ilikuwa nyuma ya jicho.

Maana yake kazini: mtoto ana vijidudu kwenye damu, hajitambui, na retina zake ni safi baada ya kutanua vizuri, endelea na dawa ya malaria lakini tafuta kingine kwa bidii. Homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, sumu. Watoto wetu wengi hubeba vijidudu bila kuumwa navyo. Muuguzi ashike kope kwa upole, mlowanishe konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa maji ya chumvi ya dripu, na ile kalamu nyekundu ifanye kazi yake kuhusu mboni. Oftalmoskopu ya kawaida ya wadini inaona eneo dogo sana, kwa hiyo usipoona pembeni usiseme pembeni ni safi.

*Virusi vya UKIMWI na marafiki zake.* Pamba chache kwa mgonjwa asiyelalamika kuona ni alama ya kinga iliyoshuka. Hazihitaji dawa ya macho, zinahitaji CTC. Maeneo makubwa meupe yaliyochanganyika na damu, yakifuata mishipa, kwa mtu mwenye CD4 (hesabu ya seli za kinga) chini ya 50, ni CMV, kirusi kinachoharibu retina, hadi ithibitishwe vinginevyo. Hayaumi. Mgonjwa anasema tu anaona vitu vinaelea. Rufaa siku hiyo.

Diski zote mbili kuvimba na kichwa kuuma: fikiria kriptokokasi, fangasi wa utando wa ubongo. Na hapa wengi hukosea upande wa pili, wanaona diski imevimba wanakataa kabisa kutoboa mgongo. Simama, mpigie daktari mkubwa, tafuta udhaifu wa upande mmoja au dalili za uvimbe wa ubongo. Kwa kriptokokasi, kutoa maji ya mgongo kupunguza msukumo ni sehemu ya tiba.

Kifua kikuu kilichosambaa huweza kuacha vinundu vya njano-kijivu chini ya retina. Lakini anayetumia ethambutoli, dawa ya kifua kikuu, na kusema rangi zimefifia, hasa nyekundu, utamchungulia na kuona retina safi kabisa. Usimrudishe nyumbani kwa usafi huo. Pima kuona, pima rangi, zungumza na kliniki ya kifua kikuu leo.

*Selimundu.* Huku kwetu wengi ni SS, yaani wamerithi selimundu kwa wazazi wote wawili. Uharibifu hukaa pembeni kabisa, ambako oftalmoskopu yako haifiki. Usiandike "kawaida", andika ulichofika kuona na umpe rufaa.

Ukikwama

*Naona jicho langu mwenyewe au mwangaza mkali tu.* Ni mwanga unaorudi kutoka kwenye konea. Punguza mwanga, tumia duara dogo, sogeza taa pembeni kidogo.

*Mboni inabana kila nikikaribia.* Anakuangalia wewe. Mrudishie saa ya ukutani. Taa ipunguzwe.

*Haitanuki hata kwa matone mawili.* Angalia kama tarehe ya dawa imepita, au kichupa kilishinda dirishani. Wenye kisukari cha muda mrefu mboni zao huwa ngumu. Wengine iris imeshikana na lenzi kwa uvimbe wa zamani. Usichukue atropini kabatini kwa hasira: inamwacha na ukungu wiki nzima na zaidi. Na fenilefrini ya asilimia 10 usimguse nayo mwenye presha.

*Kila kitu kina ukungu.* Futa lenzi ya kifaa kwanza. Kisha vua miwani yako, au ivae, na zungusha gurudumu. Ikibaki ukungu, mulika tena kwa mbali: huenda ni mtoto wa jicho.

*Sijui kama diski imevimba kweli.* Tafuta mshipa unaozama au kukatika pale unapovuka kingo, damu za miali pembeni, vena zilizotuna. Vena ikionekana inapiga kwenye diski, msukumo ndani ya kichwa huenda uko sawa wakati huo. Isipopiga haikuambii kitu, wazima wengi nao haipigi. Wasioona karibu huwa na diski ndogo zilizojaa zenye kingo hafifu tangu kuzaliwa. Shaka ikibaki na kichwa kinauma, mtendee kama aliyevimba.

*Baada ya matone jicho limekuwa jekundu, linauma, anatapika.* Usimpe panado ukamrudisha kitandani. Ni presha ya macho ya ghafla hadi ithibitishwe vinginevyo. Piga simu.

*Nimejaribu dakika tano, sijaona diski.* Pumzika, mgonjwa apumzike, rudi mara moja tena. Ukishindwa, andika hivi: "Jicho la kulia: wekundu hafifu, diski haikuonekana. Jicho la kushoto: diski kingo wazi, makula haikuonekana, mgonjwa alishindwa kutulia." Weka saa na jina lako. Nitakayekuja kesho nitajua nianzie wapi.